Ruaha Mkuu Unadai Maji Kabla ya Miche

Watu wengi wakisikia mto umekauka, hukimbilia kupanda miche. Miti naipenda, mikuyu ya kingoni hushika udongo na kuwapa samaki kivuli. Lakini mimi niliyekulia Usangu, katikati ya majaruba ya mpunga ya Mbarali, nasema mto Ruaha Mkuu hautafufuka kwa miche kabla ya maji kuachiwa yapite.

Tazama Ng'iriama, mlango wa ardhioevu ya Ihefu. Maji ya mito ya Mbarali, Kimani, Chimala na Ndembera huingia kwanza Ihefu, na mahali hapo pa kutokea pamezibwa na mwamba, kama kizingiti cha mlango. Kina kikishuka chini ya mwamba ule, hakuna kinachotoka kwenda Hifadhi ya Ruaha, hata kama nyuma yake maji yametanda na jua linayafyonza. Ndiyo maana kijito chembamba tunachokizuia kwenye mabanio ya mifereji yetu mwezi Oktoba kina thamani kubwa kuliko wembamba wake.

Tangu 1993 mto umekuwa ukikatika kiangazi. Mwaka 2001 Waziri Mkuu Frederick Sumaye aliahidi kwamba kufikia 2010 ungetiririka mwaka mzima. Mwaka 2006 wafugaji wakaondolewa Ihefu, kisha eneo likaingizwa hifadhini. Mto ukaendelea kukatika. Wafugaji walibebeshwa lawama kubwa mno, na mifereji yetu ikasemwa kidogo mno.

Mto ukikatika, viboko hubanana madimbwini. Usiku hula nyasi, mchana hunya majini. Mkondo ukiwepo, kinyesi hicho husambaa na kulisha wadudu na samaki. Maji yakisimama, kinyesi hulundikana, na vijidudu vinavyokiozesha humaliza oksijeni. Samaki huelea wamekufa. Kambale huvumilia zaidi kwa kuwa huweza kupumua hewa ya juu. Kambale huyo huyo, mvua zikianza, hupanda kwenye nyasi zilizofurika kutaga mayai, kwa hiyo mafuriko nayo tusiyazibe yote kwa matuta.

Mpunga ukishavunwa, mabanio mengi huendelea kuchota, kwa sababu vijiji vya mwisho wa mfereji vinategemea maji hayo kwa kunywa na kufulia. Mengi hupotelea ardhini kabla hayajafika. Visima vichimbwe katika vijiji hivyo kwanza. Hapo jumuiya za watumia maji zitaweza kufunga mabanio bila kumwacha mtu na kiu.