Mashine ibaki, faili ivuke mpaka

Kwa wanaouza mashine za kutotolesha vifaranga ng'ambo ya mpaka, amri moja ya kompyuta yaweza kuokoa nauli, siku na mayai

Yai la kuku huatamiwa siku 21. La kware hutotoa siku ya 17 au 18. La bata mzinga huchukua siku 28. Mfugaji ana hesabu hiyo kichwani, lakini mashine ya kutotolesha inajua tu kile kilichoandikwa kwenye chipu yake. Ikiwa imeandikiwa kuku, itaacha kugeuza mayai siku ya 18, siku tatu kabla ya kuanguliwa, kama inavyotakiwa. Akiwekwa bata mzinga humo humo, mayai yake bado yanahitaji kugeuzwa siku saba zaidi. Yasipogeuzwa, kiinitete huweza kugandamana na utando wa yai, na kifaranga kisitoke.

Hapo ndipo biashara ya mpakani inapoingia matatani. Chukua mfano wa mfanyabiashara wa Arusha aliyenunua mashine kumi kwa fundi wa Nairobi, akazipitisha Namanga na kuziuza kwa wafugaji. Miezi miwili baadaye mteja anapiga simu: anataka kufuga bata mzinga, na mashine haimkubalii. Bodi ni nzima, feni inazunguka, taa zinawaka. Kinachohitaji kubadilishwa ni programu iliyo ndani tu.

Wengi katika hali hiyo hufikiria kuirudisha mashine kwa fundi. Maana yake ni nauli ya kwenda na kurudi, siku kadhaa za kungoja, na maelezo forodhani kwa nini mashine iliyokwisha ingia nchini sasa inatoka na kesho itaingia tena. Utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki humsaidia mwenye mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya jumuiya na zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa. Lakini utaratibu huo hauondoi gharama ya basi wala siku zinazopotea njiani.

Ipo njia nyingine. Fundi anabaki Nairobi, mashine inabaki Arusha, na kinachovuka mpaka ni faili ndogo inayotumwa kwa simu. Mfanyabiashara anaipakia kwenye bodi mwenyewe.

Mahindi na unga

Fundi anapotengeneza programu huandika maandishi ambayo binadamu anaweza kuyasoma na kuyarekebisha. Kisha kompyuta yake huyageuza kuwa lugha ya mashine. Faili inayopatikana mwishoni, ambayo kwa bodi nyingi ndogo jina lake huishia na .hex, ndiyo chipu inayoielewa.

Tofauti ya faili hizo mbili ni kama ya mahindi na unga. Maandishi ya fundi ni mahindi: yanaweza kupandwa, kuchaguliwa na kusagwa upya. Faili ya .hex ni unga: uko tayari kwa kupikwa, lakini haurudi kuwa mahindi. Mfanyabiashara mwenye .hex anaweza kuipakia kwenye bodi mia moja bila kujua hata neno moja la programu. Hawezi, hata hivyo, kuibadilisha ili siku 21 ziwe 28. Kwa hilo lazima fundi asage tena.

Ndiyo sababu inampasa mfanyabiashara kuagiza mapema faili tatu: ya kuku, ya kware na ya bata mzinga. Akiwa nazo, ana bidhaa tatu katika stoo moja. Bodi zote zinafanana, na kila moja inapakiwa programu siku mteja anaposema anafuga nini.

Bodi iliyo ndani ya mashine

Mashine nyingi ndogo zinazotengenezwa na mafundi wa mijini hutumia bodi za aina ya Arduino Uno au nakala zake. Mradi wa Arduino ulianzia Ivrea, Italia, mwaka 2005, na michoro ya bodi zake iliachwa wazi. Ndiyo maana nakala za bei nafuu kutoka China zimejaa katika maduka ya vifaa vya umeme, kuanzia Luthuli Avenue jijini Nairobi hadi Kariakoo, Dar es Salaam.

Moyo wa Uno ni chipu iitwayo ATmega328P. Ina nafasi ya kilobaiti 32 tu kwa programu, pungufu ya picha moja ya simu, lakini inatosha kabisa kupima joto, kuhesabu siku na kuzungusha trei. Katika nafasi hiyo, sehemu ndogo hukaliwa na bawabu aitwaye butiloda. Kila bodi inapowashwa upya, bawabu huyo husikiliza kidogo kama kuna kompyuta inayobisha hodi. Ikiwepo, hupokea programu mpya na kuiandika. Isipokuwepo, huiachia programu ya zamani iendelee na kazi.

Programu ya kompyuta inayobisha hodi kwa bodi hizi huitwa avrdude. Ilianzishwa na Brian Dean, ni ya bure, na hufanya kazi kwenye Windows, Linux na Mac. Ikishawekwa kwenye kompyuta haihitaji intaneti, jambo lenye maana kubwa kwa mwenye duka ambako mtandao unakuja na kuondoka.

Amri yenyewe

Kwenye Windows, mfanyabiashara huweka avrdude, faili yake ya avrdude.conf na faili ya fundi katika folda moja, kisha hufungua dirisha la amri ndani ya folda hiyo na kuandika mstari huu:

avrdude -c arduino -p m328p -P COM5 -b 115200 -D -U flash:w:batamzinga.hex:i

Unatisha kwa macho, lakini kila kipande kina kazi yake. Baada ya -c ni aina ya bawabu anayebishiwa hodi. Baada ya -p ni aina ya chipu. Baada ya -P ni poti ambayo kebo imechomekwa, na namba yake huonekana katika orodha ya vifaa vya kompyuta bodi inapounganishwa. Baada ya -b ni kasi ya mazungumzo. Herufi -D huizuia avrdude kuagiza chipu nzima ifutwe kwanza, kwa kuwa bawabu hufuta mwenyewe kila sehemu anayoiandika. Kipande cha mwisho kinasema: andika faili hii kwenye kumbukumbu ya programu.

Kazi huisha kwa sekunde chache. Avrdude haiishii kwenye kuandika. Husoma tena yote iliyoandika na kuyalinganisha na faili, neno kwa neno. Yakilingana hutaja idadi ya baiti zilizohakikiwa na kuaga. Mfanyabiashara asiridhike na taa za bodi kumetameta. Asubiri ujumbe huo wa uhakiki.

Mwenye bodi nyingi hana haja ya kuandika mstari huo kila mara. Anaweza kuuhifadhi katika faili ya maandishi yenye jina linaloishia na .bat, tuseme batamzinga.bat, na kuongeza neno pause chini yake ili dirisha lisijifunge kabla hajasoma majibu. Tangu hapo kazi ni kuchomeka bodi, kubofya mara mbili, kusoma jibu, kuchomoa na kuchukua nyingine. Hata kijana wa dukani anaweza kuifanya bila kukosea, mradi poti haijabadilika.

Bodi zinapogoma

Hitilafu zinazosumbua wengi ni chache na zinajulikana. Ya kwanza ni kebo. Kebo nyingi za bei rahisi zina nyaya za kuchaji tu, hazina nyaya za data. Bodi inawaka, lakini kompyuta haioni kitu. Dawa ni kubadilisha kebo kabla ya kumlaumu fundi.

Ya pili ni dreva. Nakala nyingi za Uno hutumia chipu ya mawasiliano iitwayo CH340, na baadhi ya kompyuta haziitambui mpaka dreva yake iwekwe.

Ya tatu ni ujumbe wa avrdude wenye maneno "not in sync". Maana yake ni kwamba hodi imepigwa lakini bawabu hajaitika. Huenda poti iliyotajwa siyo, au kuna programu nyingine iliyoishika poti hiyo, au aina ya bodi siyo iliyodhaniwa. Bodi za Nano zenye butiloda ya zamani, kwa mfano, huzungumza kwa kasi ya 57600, si 115200. Kubadilisha namba hiyo moja mara nyingi humaliza ugomvi.

Si bodi zote ni za ukoo huu. Mashine zinazotuma taarifa kwa Wi-Fi mara nyingi hutumia chipu za ESP32, ambazo hupakiwa kwa programu nyingine iitwayo esptool na faili zinazoishia na .bin. Huko ni lazima pia kutaja anwani ambayo faili inaanzia kuandikwa. Mfanyabiashara amwombe fundi amwandikie amri kamili, maana anwani ikikosewa bodi haitaamka.

Faili iliyokatika njiani

Faili inayotumwa kwa simu yaweza kufika pungufu mtandao unapokatika. Kwa .hex kuna njia rahisi ya kuikagua. Ikifunguliwa kwenye Notepad, kila mstari huanza na nukta pacha, na mstari wa mwisho husomeka :00000001FF. Mstari huo usipokuwepo, faili haikufika yote na haifai kupakiwa. Kila mstari pia hubeba namba yake ya ukaguzi mwishoni, nayo avrdude huitumia kugundua herufi iliyoharibika.

Fundi atume faili kama hati, na jina lake libebe tarehe na aina ya ndege. Mfanyabiashara naye aandike kwenye daftari mashine namba fulani imepakiwa faili ipi na lini. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na programu zinazofanana majina hupotea upesi kuliko mali nyingine.

Kabla ya kuchomeka kebo

Mashine ya kutotolesha huendesha taa au hita kwa umeme wa volti 220 hadi 240, na bodi iko jirani na nyaya hizo. Plagi ya ukutani itolewe kabla ya kufungua kisanduku na kuunganisha kompyuta.

Kama ndani kuna mayai, mwenye mashine aandike kwanza ni siku ya ngapi. Kupakia programu huwasha bodi upya, na kama fundi hakuweka hesabu ya siku katika kumbukumbu ya kudumu, itaanza tena na sifuri. Dakika chache bila joto hazitaua mayai. Hesabu iliyopotea siku ya 16 ndiyo inayoweza kuharibu trei nzima.

La kudai siku ya kununua

Faili ni jasho la fundi. Kuipakia kwenye mashine zilizonunuliwa kwake ni jambo moja, na kuigawa kwa washindani wake ni jingine. Wapo mafundi wanaofunga chipu zao zisisomeke kwa kuogopa hilo, na woga wao una msingi. Makubaliano ya maandishi huondoa ugomvi: faili zipi zinatolewa, kwa mashine ngapi, na marekebisho ya baadaye yatagharimu kiasi gani.

Mfanyabiashara anayelipa mashine kumi bila kupata faili, amri na aina ya bodi amenunua mizigo ambayo kila hitilafu ndogo itairudisha ng'ambo. Na fundi akihama au akibadilisha namba ya simu, mashine hizo zitabaki zilivyo milele. Kwa hiyo siku ya kununua, kabla ya pesa ya mwisho kutolewa, mnunuzi amwombe fundi aifute bodi moja mbele yake, kisha yeye mwenyewe aipakie upya kwa kompyuta yake na kebo yake. Akifanikiwa hapo dukani kwa fundi, atafanikiwa akiwa Arusha, Mbarara au Musanze.

Baada ya kupakia, mashine iendeshwe tupu kwa siku nzima huku kipimajoto cha pembeni kikiwa ndani, pale yanapokaa mayai. Kwa mashine yenye feni, joto linalotafutwa kwa mayai ya kuku ni takriban nyuzi 37.5 za Selsiasi. Kipimajoto na kioo cha mashine vikikubaliana asubuhi, mchana na usiku, mteja anaweza kuitwa aje na mayai yake.