Utafiti wa mito si anasa ya wasomi

Kila inaposikika kwamba mwanafunzi wa chuo kikuu amehitimu shahada ya uzamifu kwa kuchunguza jinsi magogo yanavyoelea mtoni, hawakosekani watu wa kucheka. Huuliza: je, gogo kuelea kwahitaji miaka mitatu au minne ya kusoma? Mimi nasema kwahitaji, tena sana.

Wahenga walinena kwamba maji hufuata mkondo. Mwaka 1871, mhandisi Mfaransa Barré de Saint-Venant alitoa milinganyo inayoeleza jinsi kina na kasi ya maji vinavyobadilika katika mkondo. Hadi leo milinganyo hiyo hutumiwa katika tarakilishi kukadiria mafuriko yatafika wapi na saa ngapi. Lakini milinganyo hiyo, peke yake, huhesabu maji matupu, ilhali mto uliofurika hauji na maji matupu. Huja na miti iliyong'oka, matawi, mapipa na hata magari.

Kijiji cha Boscastle, kusini-magharibi mwa Uingereza, kilijionea hayo tarehe 16 Agosti 2004. Mvua ya takriban milimita 200 ilinyesha kwa saa chache. Miti na magari yaliziba daraja, maji yakapanda na kuvamia nyumba. Magari zaidi ya 100 yalisombwa. Kwa bahati njema, watu waliokolewa kwa helikopta na hakuna aliyefariki.

Sisi hatukuwa na bahati hiyo. Alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024, maji yaliporomoka huko Mai Mahiu na kuua makumi ya watu waliokuwa wamelala. Awali ilidhaniwa kuwa bwawa lilikuwa limepasuka. Baadaye Wizara ya Maji ilieleza kwamba njia ya maji iliyopita chini ya tuta la reli ilikuwa imezibwa na takataka za mafuriko, maji yakajikusanya nyuma ya tuta hadi likashindwa kuyahimili.

Mwanafunzi wa kidato cha tatu aweza kulifahamu jambo hili kwa hesabu nyepesi. Tuseme tundu chini ya barabara lina eneo la mita 6 za mraba, na maji yanapita kwa kasi ya mita 2 kwa sekunde. Hizo ni mita 12 za ujazo kila sekunde. Magogo yakiziba nusu ya tundu, maji yale yale hayana budi kupita kwa mita 4 kwa sekunde. Kasi ikizidi mara mbili, kimo cha maji kinachohitajika kuyasukuma huzidi takriban mara nne. Ndiyo sababu maji hupanda ghafla nyuma ya kizuizi, nao wakazi wasijue kulikoni.

Sasa twaweza kuona kazi ya mtafiti. Katika maabara huwa na mfereji wenye kuta za kioo, daraja dogo, na vijiti vilivyokatwa kwa vipimo maalumu. Huvitia majini kimoja kimoja, kisha kwa makundi, na kuhesabu vingapi vimenasa. Majaribio ya namna hiyo yameonyesha kwamba gogo refu kuliko upana wa tundu hunasa kwa urahisi zaidi, kwamba lenye mizizi na matawi hunasa kuliko lililo laini, na kwamba magogo yajayo kwa pamoja ni hatari kuliko lijalo peke yake. Gogo moja likishikwa, mengine hulijia. Matokeo hayo huingizwa katika tarakilishi, na mhandisi hupata kujua ajenge tundu la upana gani na aweke wapi vyuma vya kuzuia takataka.

Hata hivyo, vijiti vya Ulaya havitoshi kutueleza habari za mito yetu. Miti yetu, matope yetu na mvua zetu ni vingine. Ni nani atakayevipima ikiwa vijana wetu wanafunzwa hisabati kama mashairi ya kukariri?

Nawasihi walimu wenzangu wawapeleke wanafunzi mtoni wakati maji yametulia. Wapime mita 20 ukingoni, warushe chungwa katikati ya mkondo na kuhesabu sekunde. Wagawe umbali kwa muda, kisha wazidishe kwa 0.85, kwa kuwa maji ya juu hukimbia kuliko ya chini. Wakizidisha jibu hilo kwa eneo la mkato wa mto, watakuwa wamekadiria wingi wa maji yapitayo. Kisha wakague madaraja ya karibu na kuandika kilichonasa.

Serikali nayo iwadhamini watakaotaka kuendelea na kazi hiyo hadi shahada ya uzamifu. Gharama ya kumsomesha mtafiti mmoja ni ndogo mno ikilinganishwa na kijiji kilichosombwa.