Jani Lisilongoja Kesho

Ukiona bunda la miraa limevikwa majani ya mgomba, usidhani ni pambo, wala usimdhanie muuzaji ubahili wa mfuko. Ule mgomba ni jokofu. Bila ubaridi na unyevu wake, kitu kinachotafutwa ndani ya bunda hilo hufifia kabla hakijafika sokoni. Vijiti vitabaki na sura ya vijiti, majani yatabaki majani, lakini mlaji atatafuna mpaka taya zimuume asipate kitu.

Kitu hicho ni katinoni, na kimewapiga chenga wanasayansi kwa miaka mingi. Mti wenyewe waliujua zamani. Msweden Peter Forsskål aliuona Yemen, akaupa jina Catha, kisha akafa huko huko kwa malaria mwaka 1763. Maandishi yake yakatolewa na mwenzake wa safari, Carsten Niebuhr, mwaka 1775. Swali lilikuwa moja: ndani ya jani kuna nini? Mwaka 1930 jibu likaonekana kupatikana, nalo ni kemikali ya katini. Lakini hesabu ilikataa. Katini ni dhaifu, na mtu aliyekula miraa mbichi hana dalili za kuguswa na kitu dhaifu. Kosa lilikuwa kwenye majani yenyewe, kwa sababu yaliyopimwa yalikuwa makavu. Mwaka 1975 maabara ya dawa za kulevya ya Umoja wa Mataifa ilichunguza majani mabichi, na ndipo katinoni ikakutwa, ikiwa na nguvu kuliko katini kwa mbali. Jani likichumwa tu, katinoni huanza kugeuka kuwa katini na jamaa zake. Baada ya siku mbili hivi, uhondo umekwisha. Mlaji yeyote wa Maua au Eastleigh angewaambia hayo bila darubini.

Katinoni ni ndugu wa amfetamini, na kazi yake hufanyika kwenye mianya myembamba iliyo kati ya neva na neva. Neva huzungumza kwa kumwaga kemikali katika mwanya huo, kama vile dopamini na noradrenalini, kisha vipampu vidogo huzinyonya na kuzirudisha zilikotoka. Katinoni huingia na kuvigeuza vipampu hivyo vifanye kazi kinyume: badala ya kunyonya, vinamwaga. Kahawa haifanyi hivyo. Kafeini huziba tu masikio ya ubongo yasisikie habari za uchovu. Ndiyo maana mtu anaweza kunywa vikombe vitatu vya kahawa chungu barazani akabaki yule yule, lakini mwenzake mwenye donge la miraa shavuni akawa msemaji mkuu wa mtaa.

Nguvu hiyo haiji kwa pupa. Sehemu kubwa ya katinoni hupenya kwenye ngozi laini ya ndani ya mdomo, mlaji akimenya gome la kijiti kwa meno, akitafuna taratibu na kusindikiza kwa njugu au bigijii ili kupunguza uchungu. Kiwango chake katika damu hufika kileleni baada ya saa mbili hivi. Hapo walaji husema handasi imeshika. Maneno yanatiririka, urafiki unanoga, ghorofa zinajengwa hewani na madeni yote yana mpango wa kulipwa. Baadaye gumzo hufifia, kila mmoja akatazama mbele kimya. Halafu huja mteremko: unyonge, hasira za karibu, na usingizi usiokubali kuja.

Mimi naona ule utaratibu wa kutafuna ndio breki ya miraa. Taya huchoka, na tumbo la mtu lina kikomo. Katinoni za kutengenezwa maabara, za unga na vidonge, hazina breki hiyo, na madhara yake ni ya jamii nyingine kabisa. Hata muguka wa Embu, ambao ni majani laini yasiyohitaji kumenywa, huliwa kwa kasi zaidi.

Breki lakini si kinga. Noradrenalini iliyomwagika haichagui pa kwenda: moyo hupiga mbio, shinikizo la damu hupanda, mboni za macho hutanuka, njaa hupotea, mkojo husitasita kutoka. Tanini iliyomo hufunga choo. Yemen, watafiti wamehusisha ulaji mzito na mshtuko wa moyo. Na kwa wale wanaokula mchana kutwa na usiku kucha, wengine hufikia kusikia sauti na kuamini kwamba wanafuatwa, hasa wenye akili iliyokwisha kujeruhiwa na vita au maradhi. Wapo pia wanaotafuta usingizi kwa pombe au vidonge, wakajiongezea tatizo la pili.

Sheria nazo zimegawanyika. Katinoni yenyewe iko kwenye orodha kali ya mkataba wa kimataifa wa 1971, ila mti wenyewe haumo. Nchini Kenya miraa ni zao la biashara linalotambuliwa na sheria. Ukivuka mpaka wa Namanga na kuingia Tanzania, jina linakuwa mirungi, nayo ni dawa ya kulevya, na mashamba ya Same huchomwa moto. Uingereza iliyokuwa ikiipokea kwa ndege iliipiga marufuku Juni 2014. Somalia ilifunga mlango kwa miraa ya Kenya mwaka 2020, ikaufungua tena mwaka 2022.

Lakini mwenye amri kuu ni ile molekuli. Ndiyo inayomwamsha mchumaji wa Igembe alfajiri, ndiyo inayokanyaga mafuta kwenye zile Hilux zinazoteremka Nyambene kama zinafukuzwa, ndiyo inayoharakisha ndege ya Mogadishu. Mama wa kibandani naye anaijua bila kuitaja: hunyunyizia maji, hufunika kwa gunia bichi, na jua likielekea kuzama hushusha bei. Miraa ya jana haina mteja. Asubuhi vijiti na majani yaliyonyauka hutupwa nje ya kibanda, na mbuzi wa mtaa wanafika kabla ya wazoa taka.