Trekta la zamani likigoma kuwaka: anza na cheche

Kwa mkulima wa tambarare ya Imbo, kaskazini mwa Bujumbura, trekta linalogoma mvua za kwanza zikishaanguka ni hasara ya msimu. Mara nyingi vipuri hununuliwa kwa kubahatisha, kumbe ni waya mmoja tu uliolegea.

Swali la kwanza ni aina ya mafuta. Injini ya dizeli, yaani mazutu, haihitaji cheche. Mafuta yake huwaka kwa joto la hewa iliyogandamizwa. Maelezo haya yanahusu injini za petroli, kama zile za Ferguson TE20, trekta dogo la kijivu lililoundwa Coventry, Uingereza, kuanzia mwaka 1946 hadi 1956.

Betri hupeleka umeme kwenye koili. Ndani ya kigawa-umeme, ambacho mafundi wetu hukiita delko, platini hufunga na kukata njia ya umeme huo. Unapokatwa, koili huzalisha maelfu ya volti, ambazo huruka kwenye plagi, yaani buji, na kuwa cheche.

Ukaguzi nao hufuata njia hiyohiyo. Safisha vichwa vya betri na ukaze nyaya, hasa ule unaoshikana na bodi. Hakikisha gia iko huru. Fungua plagi moja, irudishe kwenye waya wake na uilaze juu ya chuma cha injini, mbali na petroli na tundu ilimotoka. Mwenzako azungushe injini. Wewe usiishike kwa mkono.

Cheche ikiwa ya samawati na yenye nguvu, chunguza mafuta, majira ya cheche na mpangilio wa nyaya: kwa TE20 ni 1-3-4-2. Ikiwa dhaifu au haipo, fungua kifuniko cha delko, kausha unyevu, tafuta ufa, sugua platini kwa msasa laini, kisha upime mwanya wake kulingana na kitabu cha trekta.

Injini ikiwaka asubuhi lakini ikizimika ikipata moto, rudia jaribio hilo ingali ya moto. Cheche ikiwa imepotea, shuku koili au kondensa.

Muhimu zaidi, badilisha kifaa kimoja, ujaribu, ndipo uguse kingine. Asiyefanya hivyo hulipia vipuri vitatu bila kujua ni kipi kilichoponya trekta lake.