KILIMIA KINA NYOTA NGAPI?



Mwezi wa Desemba, saa 2 usiku, toka nje. Tazama juu, upande wa kaskazini-mashariki. Utaona fungu dogo la nyota zilizosongamana. Hicho ndicho Kilimia. Jina lake linatokana na kulima. Wazee walikitazama ili kujua majira.

Hesabu nyota zake. Wengi huona sita. Mwenye macho makali huona saba au zaidi.

Je, ndizo zote? Hapana. Mwaka 1610 Galileo wa Italia alikitazama Kilimia kwa darubini. Aliona nyota zaidi ya 40.

Mwaka 1885 ndugu wawili wa Ufaransa, Paul na Prosper Henry, walipiga picha ya Kilimia kwa darubini mjini Paris. Picha ilionyesha nyota zaidi ya 1,000 mahali hapo. Ilionyesha pia wingu jepesi kando ya nyota moja. Wingu hilo lilikuwa halijaonekana kwa macho.

Kamera iliwezaje? Jicho haliweki akiba ya mwanga. Kamera huweka. Tega ndoo chini ya bomba linalovuja. Tone moja si kitu, lakini asubuhi ndoo imejaa. Ndugu hao waliiacha kamera wazi kwa saa 3. Muda wote huo darubini ilizungushwa polepole kuzifuata nyota. Bila hivyo kila nyota ingechora mstari, kwa sababu dunia inazunguka. Kamera za siku hizi hukusanya mwanga haraka zaidi, lakini njia ni ile ile.

Leo tunajua kwamba nyota za Kilimia zilizaliwa pamoja, katika wingu moja. Ziko mbali mno. Mwanga wake husafiri zaidi ya miaka 400 hadi kutufikia.

Nyota za mbali hivyo haziwezi kuleta mvua. Mwaka mmoja nilimkuta mkulima amepanda mahindi kwa kuona Kilimia tu. Mvua ilichelewa, mbegu zikaharibika. Hakuwa na mbegu nyingine.

Kilimia ni kalenda nzuri. Hurudi kila mwaka kwa wakati wake. Mvua haifanyi hivyo. Kwa hiyo, ukikiona, tayarisha shamba na mbegu. Lakini kabla ya kupanda, sikiliza habari za hali ya hewa redioni. Kisha chimba kidogo, ushike udongo. Umelowa vya kutosha? Sasa panda.