Kemia ya Vanishi Kuukuu

Kabati la mninga au la mvule lililokaa miaka mingi katika nyumba ya Morogoro huonekana limechakaa, lakini mara nyingi kilichochakaa ni utando mwembamba wa vanishi tu, ilhali mbao zilizo chini yake ni nzima kabisa. Mji huu umekaa chini ya milima ya Uluguru, inayopokea pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi. Wakati wa masika mbao hunyonya unyevu huo na kutanuka, kiangazi zikasinyaa, na vanishi iliyokwisha kuwa ngumu, isiyoweza kuufuata mwendo huo, hupasuka nyufa nyembamba kama nywele.

Msasa huondoa nyufa hizo, ila hautambui mahali vanishi inapokoma na mti unapoanza. Mvule uliopasuliwa karibuni huwa na umanjano, na hugeuka kahawia kadiri mwanga na hewa vinavyobadili kemikali zake, pamoja na ligini, yaani dutu inayogandisha nyuzi za mti. Kwa kuwa badiliko hilo limo katika tabaka la juu tu, kipande kimoja cha msasa huweza kufuta rangi ya miaka arobaini kwa asubuhi moja. Vumbi nalo si la kupuuzwa: la mvule huwasha ngozi na njia ya hewa, na mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliorodhesha vumbi la mbao miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu.

Kwa hiyo fundi makini huanza na kitambaa chenye tapentaini, kinachoondoa nta na uchafu wa mikono (samani nyingi, kwa kweli, hazihitaji zaidi ya hapo), kisha hudondosha spiriti mahali pasipoonekana. Utando ukinata, hiyo ni shelaki, utomvu wa wadudu wadogo wa India na Thailand. Usiponata kwa spiriti bali ukalainika kwa tina, ni laki ya selulosi. Aina hizi mbili hukauka kwa kiyeyushi kuruka tu, hivyo kiyeyushi kilekile, kikipakwa kwa brashi laini, huziyeyusha upya na kuziba nyufa bila mti kuguswa. Vanishi ya mafuta na ile ya poliurethani hazikubali, kwa kuwa molekuli zake zimefungamana zilipokauka; hizo, ikiwa bado zimeshika vizuri, hukwaruzwa kidogo tu kwa msasa namba 320 ili vanishi mpya ipate pa kushikilia.

Msaji, kama ule wa shamba la Mtibwa, una tabia yake: mafuta yake ya asili huizuia vanishi kushika, kwa hiyo sehemu yoyote iliyobaki wazi hufutwa kwa tina na kupakwa mara tina inapokauka, kabla mafuta hayajapanda tena juu.