Kaya Imeandikwa, Mtoto Amehama

Ukitaka kuwachosha watu wa takwimu, walete Njisi, wilayani Kyela, wahesabu watoto. Mwezi wa pili mtoto yuko kwa bibi yake. Mpunga ukianza kuiva yuko kwa mjomba anawinga ndege. Muhula mwingine utamkuta kwa shangazi pale Kasumulu, karibu na mpaka, na Krismasi huenda akaila ng'ambo ya Mto Songwe, upande wa Malawi, ambako nusu ya ukoo wake inaishi. Hakuna aliyemtupa. Kila nyumba aliyopita alikula na kulala. Ila kwenye karatasi ameandikwa mahali pamoja tu, na siku mkaguzi akifika, mahali hapo hayupo.

Nilifundisha darasa la pili mpaka nilipostaafu. Sasa ni mjumbe wa kamati ya kijiji ya ulinzi wa wanawake na watoto, moja ya kamati zilizoundwa nchi nzima chini ya MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili ulioanza kutekelezwa mwaka wa fedha 2017/18. Hatuna mshahara. Nina kauntabuku, baiskeli, na majina ya watoto ambao wengi niliwafundisha mama zao kusoma. Miradi ya watoto walio katika mazingira hatarishi nimeiona ikija na kuondoka, mingine mizuri sana. Hoja yangu kwa miradi hiyo yote ni moja: fedha na fomu zinaifuata nyumba, na mtoto mwenye shida zaidi ndiye anayehama nyumba zaidi.

Kulala nje ya nyumba ya baba si jambo lililoanza jana huku kwetu. Godfrey na Monica Wilson, watafiti walioishi Unyakyusa katika miaka ya 1930, walieleza vijiji vya rika: wavulana wa miaka kumi hivi waliacha kulala kwa wazazi, wakajijengea vibanda pembeni, na jioni wakarudi kula kwa mama zao. Mume akifa, ndugu yake alirithi mjane, watoto na ng'ombe, akawa baba. Mtoto alikuwa wa ukoo mzima, na ukoo ulijua alipo.

Kisha ukaja Ukimwi. Mbeya ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyoumia mapema na sana, na waliokufa walikuwa watu wa umri wa kulea. Baba alizikwa, na yule ndugu aliyepaswa kurithi akafuata. Nyumba zikabaki na bibi na wajukuu, na mjukuu aliyeonekana mzigo akapelekwa kwa ndugu mwingine mwenye nafuu kidogo. Kuhama ambako zamani kulikuwa malezi kukawa njia ya kugawana njaa.

Waliotangulia kuonyesha nini kifanyike kwa bibi hawa ni watu wa Kagera. Huko Nshamba, wilayani Muleba, shirika la Kwa Wazee lilianza mwaka 2003 kuwapa wazee pensheni ndogo ya kila mwezi, wengi wao wakiwa bibi wanaolea yatima. Ripoti ya utafiti juu ya kazi hiyo, iliyotoka mwaka 2008, ilibeba jina linalotaja chumvi, sabuni na viatu vya shule, kwa kuwa huko ndiko fedha zilikokwenda. Wapo waliodhani mzee akipewa fedha taslimu ataziharibu. Bibi alinunua sabuni.

Serikali nayo ilipima kwa upande wake. TASAF, mfuko wa maendeleo ya jamii ulioanzishwa mwaka 2000, ilifanya majaribio katika vijiji 80 vya Bagamoyo, Kibaha na Chamwino. Nusu ya vijiji vilichaguliwa kwa bahati nasibu vianze kupata ruzuku mwaka 2010, nusu vikasubiri, ili tofauti yao ionekane bila ubishi. Mwisho wa majaribio, kaya zilizopata ruzuku zilikuwa zimejiunga zaidi na mfuko wa afya ya jamii, zimefuga kuku zaidi, na watoto wao walikuwa na viatu zaidi. Kwa mtoto anayetembea kwenye matope ya Kyela, ambako mvua ni nyingi kuliko karibu kila wilaya ya nchi hii, kiatu ni kinga ya minyoo kabla ya kuwa vazi.

Agosti 2012 ukazinduliwa Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini. Msomaji ambaye hajawahi kukaa kwenye mkutano wa kijiji kwa ajili hiyo aelewe unavyokwenda. Wanakijiji wenyewe wanataja kaya zilizo hoi. Kaya hizo zinajaziwa dodoso: bati au nyasi, chakula mara ngapi, nani anasoma. Majibu yanaingizwa kwenye kompyuta, orodha inarudi kijijini, mkutano unathibitisha. Mlengwa alilipwa kila baada ya miezi miwili. Mpango ulipoanza, ruzuku ya msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwezi, kaya yenye mtoto iliongezewa 4,000, na kila mwanafunzi wa shule ya msingi aliongeza 2,000. Bibi mwenye wajukuu wawili darasani alipata basi 18,000 kwa mwezi, yaani 36,000 kila malipo. Viwango vilibadilika kipindi cha pili kilipozinduliwa mwaka 2020, ila masharti yalibaki yaleyale: mtoto mdogo apelekwe kliniki, na mwanafunzi ahudhurie angalau asilimia 80 ya siku za masomo.

Sharti hilo lina maana. Nikiwa mwalimu nililitamani kila ilipofika Mei, darasa likiwa nusu tupu na sauti za watoto zikisikika mashambani wakifukuza ndege kwenye mpunga. Ugumu wake ni kwamba linamfunga bibi kwa miguu ya mtoto ambaye wakati mwingine hayuko mikononi mwake.

Nikupe kisa kimoja. Mvulana wa miaka tisa, aliyeandikwa kwa bibi yake hapa Njisi, alionekana mtoro wiki baada ya wiki. Mwalimu mkuu akaniita kabla ya kujaza fomu ya mahudhurio. Nikaenda kwa bibi.

"Ugonile, bibi."

"Ndaga, mwalimu. Karibu ukae. Najua kilichokuleta."

"Mtoto yuko wapi?"

"Yupo. Yuko kwa mjomba wake ng'ambo. Mwenzangu, hapa chakula kiliisha, ningefanyaje?"

Nilivuka kwenda kumtafuta nikitegemea kumkuta nyuma ya ng'ombe. Nikamkuta shuleni, na daftari, akisoma kwa lugha zao za huko. Kyangonde cha watu wa Karonga, upande huo wa Malawi, na Kinyakyusa chetu vinasikilizana, kwa hiyo hakuwa amepotea. Alikuwa anasoma. Kwenye rejista yetu alikuwa mtoro, na bibi yake alikuwa karibu kuhesabiwa kuwa amevunja masharti. Tuliyamaliza kwa kikao cha ukoo na barua ya uhamisho. Muhula uliofuata alirudi na kuingia darasani kwake. Ila niliona jinsi nchi mbili zinavyoweza kumpenda mtoto mmoja na zote zikamkosa. Malawi nao wana mpango wao wa fedha kwa kaya maskini, Mtukula Pakhomo, ulioanzia Mchinji mwaka 2006 na ukaenea wilaya zote. Orodha yao inaishia mtoni, na yetu inaishia mtoni.

Je, inawezekana kumfuata mtoto badala ya nyumba? Inawezekana, na imefanyika Tanzania. Kati ya mwaka 1991 na 1994 watafiti walihoji kaya 915 mkoani Kagera, wakati vifo vya Ukimwi vikiwa vingi. Mwaka 2004 walirudi, na hawakuridhika kugonga milango ileile. Walimtafuta kila mtu aliyekuwemo kwenye zile kaya, popote alipokwenda, hata Uganda. Kaya 915 zilikuwa zimezaa kaya zaidi ya 2,700. Kwa kuwa waliwafuata watu, waliweza kusema jambo ambalo dodoso la mlangoni lisingesema: mtoto aliyefiwa na mama kabla ya miaka 15 aliishia kuwa mfupi kwa takribani sentimita 2, na alipoteza kama mwaka mzima wa shule asioufidia ukubwani. Huzuni ya yatima kila mtu aliijua. Kipimo chake kilihitaji mtu wa kupanda basi na kuuliza, "Yule mtoto wa fulani alienda wapi?"

Jirani zetu wa Busokelo na Rungwe walipata kitu kinachokaribia hilo. Ujana Salama, mradi wa TASAF na TACAIDS, tume ya kudhibiti Ukimwi, ukisaidiwa na UNICEF, uliingia katika halmashauri hizo pamoja na Mufindi na Mafinga. Ulichukua vijana wa miaka 14 hadi 19 kutoka kaya za walengwa: wiki 12 za mafunzo ya maisha na biashara ndogo, mshauri wa kuwafuatilia, mtaji mdogo, na zahanati zilizoandaliwa kuwapokea bila kuwafokea. Fedha za kaya ziliendelea kwenda kwa mlezi, lakini safari hii kijana naye alikuwa na jina lake kwenye daftari la mtu. Utafiti katika vijiji 130, vyenye mradi na visivyo nao, uligundua kwamba ukatili wa kingono dhidi ya wasichana ulipungua, na wavulana nao walipungua kupiga watu. Kyela hatukuwemo. Wasichana wetu wanaouza chakula mpakani, madereva wa malori wakisubiri kuvuka, mradi ule ungewafaa kuliko wengi.

Tunacho tayari chombo kimoja kinachotembea na mtoto: cheti cha kuzaliwa. Utafiti wa taifa wa mwaka 2010 ulikuta watoto 16 tu kati ya 100 wa chini ya miaka mitano ndio waliosajiliwa. Mwaka 2013 RITA, wakala wa serikali wa usajili, ilipoamua kuwasajili watoto hao bure, kwenye vituo vya afya na ofisi za kata, taarifa zikitumwa kwa simu, mkoa wa Mbeya ulikuwa wa mwanzo. Mtoto mwenye cheti akitua kwa shangazi ana mahali pa kuanzia. Asiye nacho huanza upya kila nyumba, na umri wake hubadilika kwa kadiri ya kazi anayotakiwa kufanya.

Mwaka 2025 tulikumbushwa jambo jingine. Marekani ilisimamisha misaada yake Januari, na miradi mingi iliyowahudumia yatima na watoto wenye virusi vya Ukimwi nchini ilitikisika, wahudumu wakarudishwa nyumbani. Mradi ukifungwa, orodha yake huondoka nao. Kinachobaki ni daftari la kitongoji, kama lipo.

Kwa hiyo tuanzie hapo. Ukimpokea mtoto wa ndugu, mpeleke kwa mwenyekiti wa kitongoji mwezi huohuo, na kadi yake ya kliniki na cheti. Mwalimu mkuu apige simu kwa mlezi kabla ya kuandika mtoro. Maofisa ustawi wa jamii wa Kyela na wenzao wa Karonga wawe na siku ya kukutana na kulinganisha majina, kama watu wa ushuru wanavyolinganisha mizigo. Ukiona mtoto anateswa, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakutaka utoe taarifa, na namba 116 haina gharama. Na wanaoandaa dodoso lijalo la kaya waongeze swali moja tu kwa kila jina: mtoto huyu alilala wapi mwezi uliopita? Mabibi wa Njisi wana jibu la swali hilo kwa kila mjukuu. Mpaka sasa wameulizwa habari za bati na nyasi.